Karanga juu ya karanga: maneno kwa wakulima wetu wa Baraka

 

Juzi mama moja aliniletea kikapu cha karanga. Akapasua moja, tupu. Ya pili, tupu. "Sasa hii mbegu mulitupatia ni ya namna gani?" Nikamuuliza hilo shamba amelilima karanga mara ngapi. Akahesabu kwa vidole: tangu arudi kutoka Tanzania, sezoni sita.

Mbegu haina kosa. Sisi wa shirika ndio tuko na sehemu yetu: kila sezoni tuligawa karanga, hatukuuliza shamba lilikuwa na nini mbele.

Watu wanasema karanga inatia nguvu katika udongo. Ni kweli, mizizi yake inakamata azoti ya hewa. Lakini sisi tunang'oa yote, tunachambulia nyumbani, mbuzi wanakula majani. Ile nguvu inabaki uani, hairudi shambani. Tena karanga iko na tabia yake: ua likianguka, kinatoka kijiti kama sindano, kinaingia chini, na ganda linanyonya lenyewe kalsiamu ya udongo unaolizunguka. Kalsiamu ikipunguka hapo, ganda linajengeka, ndani hakuna kitu. Na ugonjwa wa madoa ya majani unalala katika mabaki, unangoja karanga ingine.

Kwa hiyo muchambulie palepale shambani, majani muyafukie, halafu mupande mahindi. Karanga ikae nje angalau sezoni mbili. Ikikawia zaidi, ni vizuri zaidi. Zile zinazojiotea mung'oe, sababu zinatunza vidukari wanaoleta ule ugonjwa wa kudumaza. Chokaa ya kilimo inasaidia sana, lakini bei tunaijua. Majivu ya kuni nayo iko na kalsiamu, na kila jiko linayo. Muyatawanye mbele ya kupalilia, musiyamwage juu ya majani.

Najua jibu lenu: shamba si letu. Unakodi sezoni moja, utafukia majani ili nani avune? Hapo ndipo shida yenyewe iko. Mwenye shamba akiona udongo umepona, anaweza kulichukua. Ndiyo maana naomba komite na wafadhili: sehemu ya pesa ya mbegu ya karanga ilipe kodi ya sezoni tatu, kwa maandishi, mbele ya chefu wa kijiji. Na katika mbegu tutakazogawa mwezi wa tisa, nusu iwe mahindi.

Yule mama amekubali mahindi kwa nusu ya shamba. Nusu ingine amekataa, ju karanga ndiyo inalipa minervali ya watoto. Simlaumu. Tutapima pande zote mbili wakati wa mavuno, mwezi wa kwanza, na munakaribishwa kuja na vikapu vyenu.