Siwa ya Chuo Kikuu: Mti, Mchanga na Jina la Mchongaji

Mada kwa warsha ya wachongaji na wabunifu, Kitui

Nimepewa nafasi ya kuzungumzia ubunifu wa siwa ya chuo kikuu.

Utangulizi

Siku ya mahafali siwa, yaani rungu la heshima la chuo, hutangulia msafara wa Chansela, kisha huwekwa mbele ya jukwaa hadi shahada zote zitolewe. Huko Ulaya ilianza kama rungu la vita, ikageuka polepole kuwa alama ya mamlaka. Nasi hatukungoja kufunzwa kwamba kitu kilichochongwa hubeba heshima. Siwa za asili za pwani zilikuwa baragumu: mbili kuu, ya Pate iliyo ya pembe ya ndovu na ya Lamu iliyo ya shaba, zilipulizwa katika sherehe za watawala. Mzee wa Kikamba alitambulika barazani kwa fimbo yake na kigoda chake. Rais Kenyatta alishika usinga, Rais Moi akashika rungu, na taifa zima likaelewa.

Hoja yangu ni moja: kila alama inayochongwa kwenye siwa iwe ahadi ambayo wananchi wanaweza kukidai chuo. Kitabu kilichofunguliwa na mwenge vimo katika nembo za vyuo vingi duniani. Ni alama njema, lakini mkulima wa Mutomo hawezi kusimama mbele yake akasema, "Hili mlituahidi."

Nachukua mfano wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kule Kwa Vonza. Kilianza mwaka 2008 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kikapata hati yake Machi 2013. Ninayoyaeleza ni mapendekezo ya ubunifu, si sifa za siwa ambayo chuo kinatumia.

1. Mti

Wengi wetu tukisikia kazi ya heshima tunawaza mpingo. Lakini mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa, na uchongaji wetu wenyewe umechangia kuumaliza, kama ulivyochangia kuumaliza muhugu. Chuo kinachofundisha utunzaji wa ardhi kame kisiinue juu mti ambao tumesaidia kuumaliza.

Napendekeza mukau. Ni mti wa nyika zetu, unastahimili ukame, mbao zake zina wekundu wa kupendeza na mchwa hawazili kwa urahisi. Huweza kuvunwa kwa takriban miaka 15. Mbegu yake ni ngumu kuotesha, na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya (KEFRI) hapa Kitui, wakisaidiwa na Wajapani wa shirika la ushirikiano la JICA, wameishughulikia kwa miaka mingi. Siwa ya mukau kwa hiyo ingebeba utafiti uliofanyika papa hapa. Ahadi yake ni wazi: chuo kipande mikau, na kila mhitimu aondoke akijua kuiotesha.

Kuna faida nyingine. Mpingo ni mzito hata huzama majini. Mukau una karibu nusu ya uzito huo. Anayebeba siwa hutembea polepole juani, mikono ikiwa imeinuliwa. Tumfikirie.

2. Umbo na alama

Uwanja wa mahafali ni mkubwa. Mzazi aliyeketi safu ya nyuma haoni nakshi. Anaona umbo tu. Kwa hiyo tuanze na umbo, nakshi ifuate, na alama zisizidi mbili.

Alama ya kwanza, kwenye kichwa cha siwa, ni bwawa la mchanga. Tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL pamoja na wanakijiji wamejenga mamia ya mabwawa haya Kitui. Ukuta hujengwa kukatisha mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe zake, salama dhidi ya jua. Wakati wa kiangazi watu huchimba visima humo. Kichwa cha siwa kinaweza kuonyesha haya bila picha ya mtu wala mto: sehemu ya juu iachwe na alama za tezo, ikwaruze kama mchanga, ya chini ilainishwe hadi ing'ae, katikati upite mkanda mpana, ndio ukuta. Ahadi ni kwamba elimu ihifadhiwe mahali ambapo watu wanaweza kuifikia wakati wa shida.

Alama ya pili, shingoni mwa siwa, ni nyaya nyembamba za shaba zilizogongelewa ndani ya mti, kama mafundi wa Kikamba walivyopamba vigoda vya wazee. Kigoda ni mahali pa kusikiliza kabla ya kuamua. Ahadi: chuo kisikilize kabla hakijafundisha.

3. Ufundi

Gogo likaushwe kivulini, ncha zake zikiwa zimepakwa nta ili lisipasuke. Mti mbichi uliochongwa kwa haraka hupasuka baada ya mahafali ya kwanza. Kichwa na mpini vichongwe mbali mbali, viunganishwe kwa ulimi na tundu, ili kimoja kikiharibika kitengenezwe peke yake. Rangi ya viatu ya kung'arishia tuiache. Tutumie mafuta ya kitani na nta ya nyuki, ambayo haikosekani kule Mwingi.

4. Jina la mchongaji

Historia yetu inamkumbuka Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wazaramo huko Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ufundi uliolisha vizazi. Baada yake, maelfu ya kazi za Wakamba zimeuzwa duniani bila jina la aliyezichonga. Chuo ni nyumba ambayo kila tasnifu ina mwandishi wake. Mchongaji naye aandikwe jina kwenye kitako cha siwa.

Mapendekezo

Kwanza, chuo kiwaalike wachongaji wa Kitui na Makueni kushindana kwa michoro na vielelezo, na kila anayefika fainali alipwe. Pili, mkataba ueleze malipo, muda na haki ya jina. Tatu, mukau mmoja ukikatwa kwa ajili ya siwa, ipandwe mikau mingine chuoni, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza waitunze. Nne, maana ya kila alama isomwe kwa Kikamba na Kiswahili siku ya mahafali, mbele ya wazazi, ili wajue wanachopaswa kukidai chuo mwaka baada ya mwaka.