Damu chooni na mbaazi za Ruponda

Msikilizaji, huko Ruponda, Nachingwea, bei ya korosho, ufuta na mbaazi hujadiliwa barazani. Maradhi ya njia ya haja kubwa hunong'onwa, tena mara nyingi kwa muuza mitishamba kabla ya daktari.

Damu nyekundu inayodondoka bila maumivu mara nyingi ni bawasiri, yaani mishipa iliyovimba. Ikija na maumivu ya kukata kama wembe, huenda ngozi imechanika. Uvimbe unaopwita pamoja na homa ni dalili ya jipu. Hilo hupasuliwa hospitali, na likipuuzwa huweza kuacha fistula, tundu linalovuja usaha kwa miezi.

Chanzo kikubwa cha bawasiri na michaniko ni choo kigumu. Hapo ndipo mbaazi zinaponishangaza: zina nyuzinyuzi tele za kulainisha choo, lakini tunazipeleka zote mnadani, kisha tunarudi nyumbani kula ugali mweupe. Jamani, bakizeni walau debe moja! Kunywa maji, usikae chooni ukijikamua, kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Bawasiri nyingi hutulia hivyo. Zilizo sugu hufungwa kwa mpira mdogo au hukatwa.

Ila usijipe jina la ugonjwa mwenyewe, maana saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu. Ukiona damu, hasa kama umekonda au choo kimebadilika, nenda hospitali ukapimwe, kwa kuanzia na kidole. Kipimo hicho hakimalizi hata dakika tano.