Nyumba iliyofungwa nayo ina deni

Ukipanda milima ya Usambara hadi Zirai mwezi wa Februari au Machi, sikukuu zikiwa zimekwisha, utaona jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Katikati ya migomba, iliki na midalasini, jirani na nyumba za udongo, zimesimama nyumba za matofali zenye bati la rangi na madirisha ya vioo, na mlangoni pana kufuli. Ukiuliza mwenyewe yuko wapi utajibiwa kuwa huyu yuko Dar es Salaam, yule yuko Muscat, na mwingine yuko Uingereza. Watakuja Krismasi, au watakuja Idi. Wakishasalimia wazee na kuhani misiba iliyotokea nyuma yao, watafunga mlango na kuondoka.

Sikusudii leo kuwalaumu ndugu hao. Mkataa kwao ni mtumwa, na mtu aliyekwenda mbali akakumbuka kujenga kwao amefanya jambo la heshima. Ninalotaka tujiulize ni hili: nyumba hiyo iliyofungwa, isiyomwingizia mwenyewe hata senti moja, inadaiwa nini na serikali, na ni nani anayelipa?

Kodi ya nyumba si jambo geni katika milima hii. Mwezi wa Novemba 1897 serikali ya Kijerumani ilitoa amri ya kodi ya nyumba na vibanda, ikaanza kutozwa mwaka 1898. Kibanda cha shambani kilitozwa rupia tatu. Asiyekuwa na rupia ilimbidi akazitafute, na mahali pa kuzipata palikuwa kwenye mashamba ya kahawa ya walowezi humu humu milimani, au kwenye mkonge kule chini tambarare. Wakati huo huo Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmsthal, ilikuwa mahali pa wakubwa kukimbilia joto la pwani. Waingereza walipochukua nchi nao waliweka sheria yao ya kodi ya kibanda na ya kichwa mwaka 1922. Basi nyumba ya mwenyeji ilitumika kumtoa kwao, na nyumba ya mgeni ilikuwa ya kumpumzisha. Leo mjukuu amefanya yote mawili. Ametoka kwao kwenda kutafuta, na amerudi kujenga nyumba ya kupumzikia.

Tuanze na kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 kodi hii hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Mwaka 2023 viwango hivyo vilipandishwa vikawa shilingi 1,500 na 7,500. Ni kodi ya mijini na miji midogo hasa, kwa hiyo mwenye nyumba kijijini aulize katika halmashauri yake kama mita yake imeingizwa au la, asikae kwa kukisia.

Sasa fikiria nyumba ya mtu wa Muscat iliyojengwa katika mji mdogo. Miaka miwili haikununuliwa umeme. Kwa kiwango cha shilingi 1,500 deni limefika 36,000. Mwenyewe anashuka usiku wa kuamkia sikukuu, watoto wanalia giza, ananunua umeme wa shilingi 20,000, na mfumo unadai kwanza kodi ya miezi iliyopita. Hapo atapiga kelele kwamba ameibiwa. Hakuibiwa, ila nyumba ilikuwa imefungwa na hesabu haikufungwa.

Lakini huyo ana nafuu, maana analipa mwenyewe. Lipo jambo linalonisikitisha zaidi. Nyumba nyingine hazikufungwa bali amewekwa ndani mama mzazi, awe mlinzi. Mama anauza iliki yake kidogo, anampa mjukuu shilingi 5,000 akanunue umeme, na umeme unarudi pungufu. Ni kweli sheria imewafikiria wazee: mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea amesamehewa kwa nyumba yake moja anayoishi. Lakini msamaha huo ni wa mwenye nyumba anayeishi humo. Mwenye nyumba aliyeko Muscat hawezi kujificha ndani ya kanga ya mama yake. Na kama nyumba ni ya mtoto, basi kodi ya mtoto ndiyo anayolipa mama kwa iliki yake. Je, hiyo ndiyo zawadi tuliyomjengea?

Jambo la pili ni pango. Wapo wanaoona nyumba inakaa bure, wakampangisha mwalimu au mganga wa zahanati. Ni busara, kwa kuwa nyumba isiyokaliwa huliwa na mchwa. Lakini pango ni mapato kama mapato mengine. Sheria inatoza asilimia 10 ya pango kwa mwenye nyumba aliye mkazi wa nchi, na kwa asiye mkazi kiwango ni kikubwa zaidi.

Neno hilo mkazi lina mtego wake. Wengi wanadhani kwamba mtu akiishi Ulaya miezi kumi na moja, basi kwa kodi za Tanzania si mkazi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haisemi hivyo. Inasema kwamba mtu mwenye makazi ya kudumu nchini, akiwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka, huhesabiwa kuwa mkazi wa mwaka huo. Na mkazi huulizwa habari ya mapato yake hata ya nje ya nchi. Kama nyumba ya kufikia sikukuu ni makazi ya kudumu au siyo, hilo ni swali la kumpelekea mtaalamu wa kodi kabla halijaletwa na mtu wa kodi.

La tatu ni kuuza. Mwenye nyumba amezeeka ugenini, watoto wake hawajui hata njia ya Zirai, anaamua kuuza. Hapo kuna kodi ya faida, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Sheria inayo huruma kwa nyumba ya mtu ya kuishi: kama ameimiliki na kuishi humo miaka mitatu au zaidi, na faida haizidi shilingi milioni 15, haitozwi. Lakini aliyelala humo wiki mbili kila Desemba ataonyesha vipi kwamba aliishi miaka mitatu? Na ili ijulikane faida ni kiasi gani, lazima ijulikane gharama. Saruji ilinunuliwa kwa bei gani? Bati je? Fundi alilipwa ngapi? Sisi tuna desturi ya kutuma fedha kwa mdogo wetu kwa simu, yeye ananunua, na karatasi ya duka anawashia moto. Basi huko mbele mtu anakosa ushahidi wa jasho lake mwenyewe.

La nne ni serikali ya kule anakoishi. Mkazi wa Uingereza kwa kawaida hutozwa kodi kwa mapato yake ya popote duniani. Raia wa Marekani naye hutozwa hivyo hata akihama. Pango la nyumba ya Usambara limo humo, ingawa wengi hulinyamazia. Tanzania imefunga mikataba ya kuzuia mtu asitozwe mara mbili na nchi chache, zikiwemo India, Italia, Kanada, Sweden na Zambia. Uingereza na Marekani hazimo. Hata hivyo sheria za Uingereza zenyewe huruhusu kodi uliyolipa huku ipunguzwe kwenye kodi ya kule, mradi una risiti. Tena tumerudi kwenye risiti.

Waliozoea Ghuba watasema kwao hakuna kodi ya mapato. Hata huko mambo yanabadilika. Mwaka 2025 Oman ilitoa amri ya kodi ya mapato ya mtu binafsi, asilimia 5, kuanzia mwaka 2028, kwa wenye mapato yanayozidi riali 42,000 kwa mwaka. Wengi wetu hatufiki huko, lakini mlango umefunguliwa.

Wala tusidhani kwamba tunaonewa sisi tu. Nendeni Malindi na Watamu, pwani ya Kenya, mkaone nyumba za Waitalia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haimruhusu mgeni kumiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Huko kwao nako, tangu sheria ya mwishoni mwa mwaka 2011, Mwitalia anayeishi Italia hutozwa kodi ya kila mwaka kwa nyumba aliyo nayo nje, hata kama haipangishi. Mwaka 2024 kiwango kilipanda kutoka asilimia 0.76 ya thamani hadi 1.06. Lakini huyo Mwitalia ana faili lenye karatasi zake zote, na anajua anadaiwa nini kabla hajafungua mlango.

Ndugu msikilizaji, atatokea mtu aseme kwamba shilingi 1,500 ni bei ya soda chache, kelele za nini? Mimi namjibu kwamba uzito wa mzigo hutegemea nani amebebeshwa. Kwa aliyeko London si kitu. Kwa mama anayechuma iliki kwenye mteremko ni chumvi, sabuni na mafuta ya taa.

Kwa hiyo nawashauri wenye nyumba mambo matatu. Kwanza, mama asinunue umeme kwa fedha yake. Mtumie fedha ya kodi kila mwezi kando ya fedha ya matumizi. Pili, wekeni risiti zote mahali pamoja, tangu ya msumari hadi ya rangi. Tatu, waambieni warithi wenu ukweli wa madeni mkiwa hai, maana marehemu haulizwi.

Serikali nayo ina wajibu wake. Ieleze sheria hizi kwa Kiswahili chepesi, na ionyeshe kodi ya nyumba imefanya nini. Mtu akilipa halafu gari likakwama kwenye utelezi ule ule kila masika, ni vigumu kumwambia kwamba kodi hii si ile ya rupia tatu. Kodi ya mwaka 1898 iliwashusha babu zetu mlimani. Ya leo, ikitumika vizuri, ndiyo itakayotengeneza barabara ya kuwapandisha wajukuu.

Kwaherini hadi wiki ijayo.