Nguzo nyeusi kando ya video: tuzijaze, lakini tusikate ukweli

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Goma, siku ya mafunzo ya picha na video



Nimepewa nusu saa niongee juu ya kitu kidogo: zile nguzo mbili nyeusi zinazotokea kushoto na kulia wakati video ya simu, iliyochukuliwa wima, inaonyeshwa kwenye televizio ao kwenye ekra ya ukutani. Najua wengine wanajiuliza: inchi iko mu shida, na huyu anatuletea mambo ya montaji? Ndiyo. Juu video njo ushahidi wetu, na montaji mbaya inaua ushahidi.

Tuanze na hesabu. Video ya wima iko na upana wa 1080 na urefu wa 1920. Televizio ni kinyume: upana 1920, urefu 1080. Ukiingiza ile ya wima yote bila kuikata, upana wake unabaki kama 607 tu. Picha yenyewe inakamata theluthi moja ya ekra, theluthi mbili ni giza. Watu wanakusanyika kwenye kartie waangalie kilichotokea, na wanaangalia zaidi weusi.

Tusimlaumu mwenye kuchukua. Ni rahisi kusema "geuza simu". Mtu anakimbia moshi wa gazi, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umemshika mdogo wake. Kama unaweza kugeuza simu, geuza. Kama hauwezi, chukua vile vile, sisi tutapanga nyuma.

Sasa, njia ambayo wengi wanapenda ni kuivuta picha mpaka ijaze ekra yote. Nguzo zinaisha, kweli. Lakini hapo umetupa theluthi mbili za picha, juu na chini. Na ni kule juu na chini ushahidi unakaa mara nyingi. Sisi wa Goma tunajua: Nyiragongo ikionekana nyuma ya nyumba, mtu anaweza kutambua kamera ilikuwa inaangalia upande gani. Ukikata juu, umeondoa mlima. Ukikata chini, umeondoa viatu, vivuli, na kile kilichoanguka mchangani.

Muone mfano wa Kameruni. Mwezi wa saba 2018 video moja ilizunguka mu mitandao: wanajeshi wanaua wanawake wawili na watoto wawili. Serikali ikasema ni uongo. Waandishi wa BBC Africa Eye walichukua mstari wa milima iliyoonekana nyuma, wakaulinganisha na picha za satelite, wakapata fasi: karibu na Zelevet, kaskazini kabisa mwa inchi. Vivuli vya watu vikawasaidia kujua kwamba ilikuwa 2015. Mwezi wa tisa 2020 tribinali ya kijeshi iliwahukumu wanajeshi wanne miaka 10 gerezani. Sasa fikiria kijana mwenye nia nzuri angekata ile milima juu anataka video ipendeze.

Na hapa kwetu, tarehe 30 mwezi wa nane 2023, sote tuliona mu simu zetu wanajeshi wakitupa miili ndani ya lori. Wiki moja haikuisha, kesi ikafunguliwa mbele ya korti ya kijeshi. Hakuna mtu aliuliza kama zile video zilikuwa za wima ao za ulalo. Zilionyesha, basi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: picha ibaki nzima, tunajaza kando. Namna ya kufanya ni hii, na inawezekana mu programu karibu yote, CapCut kwenye simu, Shotcut ao Kdenlive kwenye kompyuta. Hizi mbili za mwisho ni za bure.

Weka video yako kwenye mstari wa kazi. Nakili ile ile, uiweke chini yake, zote mbili zianze pamoja. Ile ya chini ikuze kidogo zaidi ya mara tatu, mpaka ijaze ekra. Kisha iwekee ukungu mwingi, na uipunguze mwangaza ili isishindane na ile ya juu. Nakala ya chini uizimie sauti. Umemaliza: katikati picha nzima, kando rangi zake zenyewe, macho yanapumzika.

Lakini hapa kuna mtego, na ninaomba mnisikilize vizuri. Umeficha uso wa mama fulani mu video ya juu, juu hautaki wamfuate kwake. Ukasahau nakala ya chini. Ile imekuzwa mara tatu, na kama ukungu ni kidogo, uso wake unaonekana pale kando, mkubwa kuliko mbele! Kwa hiyo ufiche nyuso kwanza, utoe video mpya, njo uinakili hiyo. Usibadilishe mpangilio huo hata kama uko na haraka. Na kabla ya kutuma, simamisha video fasi mbalimbali, uangalie kando tu.

Kitu kingine. Kuna video zinatufikia zikiwa na nguzo tayari ndani. Kwa programu, ule weusi ni sehemu ya picha, haujui kama ni nguzo. Ndiyo maana tunaona video iliyopita mu mikono mitano: picha ndogo kama stampu katikati ya giza, weusi pande zote nne. Ukipata ya namna hiyo, kata kwanza ule weusi tu, kisha ujaze. Ao bora zaidi, umuombe mwenye kuichukua akutumie ya mwanzo. Kwenye WhatsApp aitume kama dokima, si kama video, juu ikitumwa kama video inabanwa, na habari za siku na saa zilizo ndani ya faili zinapotea. Ile ya mwanzo usiiguse hata kidogo. Iweke fasi mbili. Montaji ni ya kuonyesha watu, ya mwanzo ni ya avoka na hakimu.

Sasa, kando tunaweka nini? Ukungu ni sawa. Rangi moja ya kijivu pia ni sawa, na kama mega ni kidogo njo bora, juu faili inakuwa nyepesi. Ukitaka kufanya kazi nzuri zaidi, andika pale tarehe, saa, kartie, kama unavijua kwa hakika. Kama hauna hakika, usiandike. Lakini usiweke kando picha ya siku nyingine, wala ya mji mwingine, ili watu waonekane wengi. Adui wa ukweli anatafuta kosa moja tu ili aseme yote ni ya kutunga. Tusimpe.

Na kama video itaangaliwa kwenye simu tu, iache wima. Hakuna nguzo, hakuna kazi.

Mimi niko na diplome, kazi bado ninatafuta, na najua wengi humu ndani tuko sawa. Lakini hii kazi haiombi barua ya mtu mkubwa. Inaomba simu, uvumilivu, na heshima kwa ile saa mutu alisimama akachukua picha wakati wengine wanakimbia.

Baada ya hapa kila mmoja afungue simu yake, achague video moja ya wima, tufanye pamoja. Wenye chaji kidogo wakae karibu na umeme.