Mwenye Kikapu na Mwenye Ghala

Mazungumzo baada ya habari, kwa askari wa jeshi na wa polisi



Mkulima wa Nyarusange, katika vilima vya Gitega, abebapo kikapu cha maharagwe kwenda sokoni, huuza jasho lake mwenyewe. Mfanyabiashara mwenye ghala hukusanya vikapu mia, akapakia lori, akauza mbali kwa faida. Wote wawili huitwa wauzaji. Je, ni haki watozwe kwa kipimo kimoja?

Swali hili limewafikia hata wenye masoko ya intaneti. Kampuni ya eBay iliwafutia watu binafsi ada ya kuuza nchini Ujerumani mwezi Machi 2023, na nchini Uingereza mwezi Oktoba 2024, isipokuwa kwa magari. Wauzaji waliosajiliwa kama wafanyabiashara wakaendelea kulipa. Lakini mwezi Februari 2025, huko Uingereza, ada nyingine iliwekwa juu ya mnunuzi wa vitu vya watu hao binafsi. Ada iliyotolewa kwa mlango wa mbele yaweza kurudi kwa mlango wa nyuma.

Afrika Mashariki nayo imelitafutia swali hili jibu. Tarehe 10 Desemba 2018, Rais John Magufuli wa Tanzania aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wafanyabiashara wadogo. Kila kimoja kililipiwa shilingi 20,000, na kilikusudiwa mtu ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Shabaha yake ilikuwa kwamba mwenye nacho afanye biashara yake bila kubughudhiwa.

Burundi yenyewe imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Huko Kobero, upande wa Muyinga, ambako barabara huvuka kuingia Tanzania, mchuuzi anao utaratibu rahisi wa biashara uliowekwa na Jumuiya. Bidhaa iliyotokana na nchi wanachama, yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupita kwa cheti rahisi cha asili bila kutozwa ushuru wa forodha.

Hapa ndipo wajibu wa askari unapoanza. Sheria huandikwa mjini, lakini husomwa barabarani, na msomaji wake ni askari aliyesimama kizuizini. Mchuuzi aliyesamehewa na sheria, kisha akadaiwa "kitu kidogo" kwenye kizuizi, hakusamehewa chochote. Kwake yeye ada haijafutwa, bali imebadili mpokeaji: fedha ambayo haikuingia katika hazina ya taifa imeingia mfukoni mwa mtu mmoja. Haba na haba hujaza kibaba; haba na haba vilevile hukimaliza.

Upo pia udanganyifu wa upande wa pili. Mwenye ghala aweza kuugawa mzigo wake kwa wachukuzi ishirini, kila mmoja akajifanya mwenye kikapu. Kwa sababu hiyo, Umoja wa Ulaya tangu 2023 huyataka masoko ya intaneti yatoe kwa maofisa wa kodi taarifa za kila muuzaji aliyefikisha mauzo 30, au aliyepokea zaidi ya euro 2,000, katika mwaka. Huruma kwa mdogo haidumu pasipo macho makali juu ya mkubwa anayejificha nyuma yake.

Kwa hiyo askari mwema hapimi mtu kwa unyonge wa mavazi yake, wala kwa ukubwa wa gari lake. Hutazama mzigo, husoma cheti, humpisha aliyeruhusiwa, na humpeleka anayeshukiwa mbele ya maofisa wa forodha. Wengi wa askari ni wana wa wakulima. Kikapu kinachofika kizuizini huenda kimetoka katika shamba lililowalipia karo ya shule. Kukilinda kikapu hicho ni kuilinda nchi.