Wakisema "tutafufua migodi", waulize kuhusu hewa

Hii hapa nakala ya yale niliyozungumza kwenye kikao cha vijana wiki iliyopita, wengi mmeiomba. Kama kawaida ya uzi huu, hatutaji mtu wala chama.

Kila msimu wa kampeni kuna ahadi haikosekani huku Magharibi na Nyanza: migodi ya zamani itafunguliwa na vijana watapata kazi. Rosterman pale Kakamega ulifungwa 1952. Macalder kule Migori ulifungwa miaka ya 1960. Upande mmoja unasema ajira, mwingine unasema ardhi na fidia, na mjadala unaishia hapo. Sijasikia mtu akiuliza: hao vijana watapumua nini huko chini?

Mashimo ya zama zile yalichimbwa yawatoshe watu na toroli. Mwekezaji wa leo haji na toroli. Anakuja na tingatinga la kupakia mawe na malori, mengi yakiwa ya dizeli. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hapa barabarani moshi huo unachukuliwa na upepo. Chini ya ardhi hauendi popote mpaka usukumwe.

Sasa wacha tupige hesabu, haina ugumu. Kanuni iliyotumika miaka mingi katika migodi ya Ontario, Kanada, ni mita za ujazo 0.06 za hewa kila sekunde kwa kila kilowati ya injini. Chukua tingatinga la kilowati 200 na lori la 300. Jumla 500, kwa hivyo unahitaji mita za ujazo 30 kila sekunde. Shimo la zamani la mita mbili kwa tatu litapitisha hewa hiyo kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde. Sawa, inawezekana.

Lakini lori moja haliajiri watu wengi. Ongeza mengine mawili kama hilo. Sasa unataka mita za ujazo 66, na hewa inapita shimoni kwa mita 11 kwa sekunde, karibu kilomita 40 kwa saa, mahali ambapo watu wanapandia na kushukia. "Tutaweka feni kubwa," utajibiwa. Feni haifanyi kazi hivyo. Katika njia ileile, ukizidisha hewa mara mbili, nguvu inayohitajika inazidi mara nane. Kwa mfano wetu ni zaidi ya mara kumi, usiku na mchana. Hiyo bili ya stima iko kwenye bajeti ya nani?

Na hapo nimejifanya kwamba hewa yote inafika. Hewa ni kama maji, inapenda njia rahisi. Mgodi wa zamani umejaa mapango na vichochoro visivyo kwenye ramani yoyote. Feni inavuma vizuri mlangoni, kumbe nusu ya hewa inarudi juu kupitia tundu la kale, na dereva aliye mwisho wa njia anakula masizi. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kupima njia zote na kuziba zisizotakiwa. Mara nyingi pia lazima uchimbe shimo jipya la kutolea hewa chafu. Hiyo ni miezi mingi na pesa nyingi kabla ya gramu moja ya dhahabu.

Kuna njia za kupunguza mzigo. Dizeli yenye salfa kidogo na vichujio kwenye ekzosi hupunguza masizi sana, ingawa vichujio vingine huongeza gesi ya naitrojeni dioksaidi, kwa hivyo nayo ipimwe. Mitambo ya betri haitoi moshi kabisa. Hata hivyo, vumbi, joto na moshi wa baruti bado vinahitaji hewa.

Mtu akikutajia viwango vya nje, sikiliza vizuri. Marekani tangu 2008 inaruhusu mikrogramu 160 kwa kila mita ya ujazo katika migodi isiyo ya makaa, lakini hiyo ni kaboni yote. Umoja wa Ulaya uliweka 50, wa kaboni ya masizi peke yake, na ukaipa migodi ya chini ya ardhi hadi Februari 2026 kujiandaa. Usizilinganishe moja kwa moja kama bei za unga.

Basi siku ya kuhusisha umma, ukipewa kipaza sauti, uliza kilowati ngapi za dizeli zitashushwa, na kikomo gani cha masizi kitaandikwa kwenye masharti ya leseni. Kisha uliza kipimo kitawekwa wapi. Kikiwekwa mdomoni mwa feni kitasoma safi kila siku. Kinafaa kufungwa kwenye kola ya dereva wa tingatinga zamu nzima, na matokeo yabandikwe getini.