MAKATO YENYE MAJINA TUSIYOYAJUA KWENYE TAARIFA ZA BENKI
Maelezo ya Kamati ya Mikopo yaliyosomwa siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi chetu, Ukata



Risala ya kikundi imekwisha kusomwa na habari za hisa, mikopo na gawio mmezisikia, kwa hiyo sisi wa Kamati ya Mikopo hatutazirudia. Tumepewa nafasi ndogo ya kueleza jambo moja tu, nalo ndilo lililotuchukulia vikao vitatu mwaka 2025. Ni habari ya fedha zinazokatwa kwenye akaunti ya mtu na kampuni ambayo mwenye akaunti hajapata kuisikia.

Mnakumbuka tulipoanza mwaka 2015 fedha yote ilikaa kwenye sanduku la kufuli tatu. Utaratibu ule hatukuubuni sisi. Mzizi wake ni Niger, huko Maradi, ambako shirika la CARE lilianza na akina mama mwaka 1991, na sisi Watanzania tukaupata kwa jina la VICOBA. Uzuri wa sanduku ni kwamba halifunguki mpaka wenye funguo watatu wawepo, na wote tuliokaa tunasikia kufuli inavyolia. Siku hizi fedha inapita kwingine kwanza. Malipo ya kahawa kupitia AMCOS yanaingia benki, benki inatoa kadi, na kadi ina namba 16 usoni, tarehe ya kwisha, na tarakimu tatu nyuma. Kadi nyingi zikishafunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, mwenye kuzijua namba hizo anaweza kukata fedha akiwa ng'ambo, hata kama namba yako ya siri haijui. Na hapo hakuna kufuli inayolia.

Sasa tuwaeleze yaliyotokea. Mwenyewe ameturuhusu kusimulia, jina tu tusilitaje. Mwanachama mwenzetu alikuwa na mkopo wa mbolea, marejesho yake ni ya kila mwezi, na hakuwa na rekodi ya kuchelewa hata siku moja. Mwezi Julai akaja kikaoni na fedha pungufu. Akasema benki salio si lile alilokuwa akilihesabu. Limepungua kama shilingi 70,000 na yeye hakutoa. Jamani, 70,000 ni hisa 35 za kikundi chetu. Wadhamini wake wakaanza kunong'ona. Wengine wakamtaja wakala anakotolea fedha pale senta. Wengine wakamtaja mjukuu wake, eti ndiye anayeshika simu ya bibi. Kijana yule aliposikia hivyo akahama kabisa, akaenda kukaa kwa mjomba wake Maguu. Ikafika mahali pa kutaka kwenda polisi.

Kamati ikasema hapana, kwanza aende benki aombe taarifa ya akaunti ya miezi sita, ile wenyewe tunaita stetimenti. Akaileta, tukaisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi.

Tulichokiona ni hiki. Kulikuwa na makato matano yaliyofanana, kila mwezi moja, tangu Machi. Tarehe ni ile ile, au imesogea siku moja mbili pale ilipoangukia Jumapili. Kiasi kinakaribiana lakini hakilingani: mwezi huu zaidi ya shilingi 14,000, mwezi mwingine 15,000 na kidogo. Mbele yake kuna jina la herufi kubwa, halafu nyota, halafu herufi nyingine chache zilizokatwa, halafu jina la mji wa Ulaya.

Akina mama, mwizi aliyepata namba ya kadi kwa kawaida hangoji tarehe 17 ya kila mwezi kama mtu wa kulipa ada. Huyo hujaribu kidogo, akiona njia ipo anakomba. Makato yanayorudi tarehe ile ile na kiasi kinachokaribiana, mara nyingi ni ya kujiunga. Mtu fulani, siku fulani, alikubali kulipia kitu kila mwezi. Swali likabaki ni nani na ni kitu gani.

Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu jina linaloandikwa benki mara nyingi si jina la kitu ulichonunua. Ni la yule aliyekusanya fedha. Tufikirie kahawa yetu. Inachumwa Ukata, inakwenda AMCOS, inakobolewa, inapita kwa mnunuzi, na pakiti inayouzwa Ulaya ina jina la kampuni ya huko. Mama wa kule akisoma pakiti yake hawezi kujua kwamba ilitoka kwenye ngolo na migomba ya hapa. Programu za kompyuta nazo zina walanguzi wake, tena halali kabisa. Watengenezaji wadogo hawana namna ya kupokea kadi za dunia nzima, basi wanaipa kazi hiyo kampuni nyingine. Paddle ya London ni mojawapo, FastSpring ya Marekani ni nyingine. Kwa hiyo mtu akinunua programu ya kuhariri picha, stetimenti inasema PADDLE.NET na nyota, na jina la programu linafuata likiwa limefupishwa. Ukinunua kupitia duka la programu la simu za Android, inaanza GOOGLE na nyota. Kwa wenye simu za iPhone inaandikwa APPLE.COM/BILL, na mstari mmoja waweza kubeba manunuzi mawili matatu kwa pamoja. Nafasi yote ya jina ni herufi 22 hadi 25 tu, ndiyo maana maneno yanakatwa mkia. Basi shikeni hili: kabla ya nyota ni mkusanyaji, baada ya nyota ndiyo bidhaa.

Mwenzetu ana binti mwenye duka la steshenari mjini, anachapa kadi za harusi na za kipaimara. Tulipomwonyesha zile herufi za baada ya nyota, alizitambua papo hapo. Ilikuwa programu ya kupangia kadi. Mwezi Machi iliandikwa bure siku 7, ikadai namba ya kadi ya benki, eti kwa kuthibitisha tu, na mama akampa ya kwake. Siku 7 zikapita. Kompyuta ikawa nzito, Aprili binti akaifuta programu akajua yameisha. Mjukuu hakuhusika, wakala hakuhusika. Mama mwenyewe alimfuata kijana Maguu akamrudisha nyumbani.

Hapa tunaomba tusikilizane vizuri, maana wengi hapa ndipo panapowapita. Kifurushi cha king'amuzi kikiisha kinakatika mpaka ulipe tena. Hii ya kujiunga inakwenda kinyume: usipowaambia acha, wanaendelea kukata. Na kuifuta programu kwenye simu au kompyuta si kuwaambia acha. Ni sawa na mtu aliyeacha kuja kikaoni bila kuandika barua ya kujitoa. Madeni yake yako palepale kwenye daftari. Kwenye simu ya Android unafungua duka la programu, unagusa picha yako pale juu, unaingia malipo na usajili, ndipo unaona orodha ya vyote ulivyojiunga na unasitisha kimoja kimoja. Kwa iPhone ni kwenye mipangilio, chini ya jina lako. Ukiwa umenunua moja kwa moja kwa kampuni, ni lazima uingie kwenye akaunti yako kwao, au uandike barua pepe na kuitunza nakala.

Kuhusu kiasi kutolingana, nalo lina sababu. Bei ni ya dola na shilingi inapanda na kushuka. Tena tangu Julai 2022 sheria ya fedha ya Tanzania inazitaka kampuni za nje zinazouza huduma za kielektroniki hapa kwetu zitoze VAT. Chukua mfano wa bei ya dola 5. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa dola 5.90, na kwa kiwango cha shilingi 2,500 ni shilingi 14,750 badala ya 12,500 uliyoipigia hesabu kichwani. Benki nayo yaweza kukata gharama yake ya kubadili fedha kwenye mstari mwingine. Kuna pia wanaolipia mwaka mzima mara moja. Hao ndio husahau kuliko wote, maana miezi 12 ni mingi.

Asije mtu akafikiri haya yanatupata kwa kuwa tuko milimani. Zamani, programu ilikuwa kitu cha kununua mara moja kwenye diski na mambo yamekwisha. Adobe, wakubwa wa programu za picha, walitangaza mwaka 2013 kwamba matoleo yao mapya yatakuwa ya kujiunga, na wengine wengi wakafuata njia hiyo. Huko Marekani malalamiko yalikuwa mengi mpaka Septemba 2025 kampuni ya Amazon ikakubali kulipa dola bilioni 2.5 katika kesi ya serikali iliyodai kuwa wateja waliunganishwa na huduma yake ya Prime bila ridhaa ya kweli, na kwamba kujitoa kulifanywa kugumu. Katika hizo, bilioni 1.5 ni za kurudishia wateja. Lakini kanuni ya kuzilazimisha kampuni zote zifanye kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga, mahakama ya huko iliitengua Julai 2025. Wazungu wenyewe bado wanavutana, sembuse sisi.

Kwa mwenzetu, kampuni iliandikiwa barua pepe. Ilirudisha mwezi mmoja wa mwisho, ya nyuma ikasema masharti yalikubaliwa. Kikundi kilimruhusu kulipa pungufu kwa awamu tatu, na wadhamini wakajaza ya kwanza.

Lakini ikitokea jina halitambuliki na nyumba nzima imeulizwa, watoto wa chuoni wakiwemo, basi usikae nalo. Piga simu benki siku hiyo hiyo kadi ifungwe, halafu ukajaze fomu ya kupinga malipo, maana mashirika ya kadi yana ukomo wa siku. Benki ikikuzungusha, Benki Kuu ina dawati la malalamiko, na kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019. Lazima uwe umeanza na benki yako, na uwe na karatasi mkononi. Kwa upande wa salio la simu linaloliwa na jumbe za michezo na nyimbo, ni jambo la ndugu moja na hili, angalieni kwenye menyu ya mtandao wenu huduma mlizojiunga. Na jumbe za kitapeli zipelekeni 15040.

Kuanzia Jumamosi ijayo, kila baada ya kununua hisa, wanakamati wawili watabaki nusu saa na meza yao. Mwenye taarifa ya akaunti aje nayo, ya miezi mitatu inatosha, na kama kuna mtoto anayetumia simu yake aje naye. Kadi ziacheni nyumbani. Namba ya siri msimtajie mtu, hata sisi.